Ratiba Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Nilisoma hadi kidato cha pili tu, lakini herufi zangu zinasimama vizuri, na kwa sababu hiyo wazazi wa shule yetu ya msingi, huku Kyondo mlimani, walinichagua kuwa katibu wa kamati. Katibu haongei sana. Huandika yanayosemwa na wengine, basi. Kazi hiyo ilinifaa, hasa mwaka ule, mwaka mmoja baada ya yale mafuriko makubwa ya Kasese. Mke wangu alifariki mwezi wa Machi, na sikuwa na hamu ya kuongea na mtu.

Wanangu wakubwa walikuwa wamekwisha kuoa na kuhama. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na binti yangu wa mwisho, ambaye alikuwa darasa la sita. Huyo alikuwa msomaji. Mwalimu wa la sita alikuwa akimtuma kwenye madarasa ya chini akawasomee wadogo, nao walimpenda kwa sababu alibadilisha sauti, mara fisi, mara bibi kizee. Ndiyo maana siku ya mazishi ya mama yake tulimpa yeye asome historia ya marehemu. Niliiandika mimi, kurasa mbili. Akasoma wa kwanza vizuri kabisa, watu wote uani wakimsikia hadi kule kwenye migomba. Akafungua wa pili, akasoma mistari miwili, akanyamaza. Alisimama na karatasi mkononi mpaka mchungaji akaichukua na kumalizia mwenyewe. Wanawake walilia, wakisema uchungu umemzidi mtoto. Mimi pia nilidhani hivyo.

Tangu siku ile hakusoma tena kwa sauti. Kuandika aliandika. Lakini akiambiwa asimame asome, alisimama kweli, kitabu wazi, midomo imefungwa, hadi mwalimu achoke.

Siku ya kufunga shule, mwanzoni mwa Desemba, mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake.

"Katibu, huyu binti yako nimfanyeje?"

"Anaandika vizuri, mwalimu."

"Anaandika. Sikatai. Lakini kwenye kusoma nimempa sifuri. Sifuri, katibu! Mtoto aliyekuwa anaisomea shule nzima!" Alivua miwani akaiweka juu ya mafaili. "Nimevumilia mihula miwili kwa sababu ya msiba. Februari tukifungua, nitamwita hapa. Akisoma, anaingia la saba. Asiposoma, anarudia la sita."

Nilimwambia binti yangu njiani tukipanda kurudi nyumbani. Alikuwa mbele yangu, na hakugeuka.

"Sirudii, baba. Nitaenda kwa shangazi Bwera, niuze maharage."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua inakuja. Dada yangu ana kibanda katika soko la Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na ninawajua watoto wa mlima huu walioshuka kwenda soko lile kwa mwaka mmoja tu. Bado wako kule, na sasa wana watoto wao wanaowabebea mizigo.

Kwa hiyo barua ilipotoka Kasese, kwamba shirika fulani litaendesha masomo ya likizo kwenye shule chache za milimani, na kwamba kila shule itume watu wawili kwenye kikao cha mipango, niliishika kwa mikono miwili. Wiki nne za kusoma, hadi katikati ya Januari. Nikajiambia, hapo mtoto atafunguka.

Tulikwenda mimi na mjumbe mwenzangu wa kamati, sajenti mstaafu mzaliwa wa kaskazini, aliyeoa huku kwetu akajenga. Watu wote humwita afande, hata mkewe. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na kituo cha teksi. Kulikuwa na viti vya plastiki, chupa za maji na ubao mweupe. Mratibu alikuwa mama kijana mwenye adabu, aliyesoma sana. Alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akaanza kwa Kiingereza, na hakurudi nyuma.

Nilifuata karibu yote. Kusikia nasikia. Kusema ndiko kunakonishinda, kwa maana kabla sijapanga neno la tatu watu wameshafika mbali. Akasema Jumatatu, Jumatano na Alhamisi kutakuwa na hesabu na michezo. Jumanne na Ijumaa kutakuwa na kusoma, kwa sababu siku hizo gari lenye vitabu linapita upande wetu. Na kila Ijumaa mtoto mmoja mmoja atasimama mbele asome ukurasa, apewe alama, ili ionekane amepanda kiasi gani.

Jumanne na Ijumaa! Hakuna mtu mlimani asiyejua kwamba hizo ndizo siku za soko la Bwera. Kabla jua halijatoka njia zote za kushuka zimejaa vichwa vyenye mizigo, ndizi, maharage, mihogo, na nusu ya vichwa hivyo ni vya watoto. Likizo ndiyo hasa wakati wa kuwatumia, maana shule haiwashiki. Kila mtu aliyetoka mlimani katika chumba kile alijua.

Mratibu akauliza, "Kuna swali? Siku hizi zinawafaa?"

Afande alinipiga kiwiko. "Sema, katibu. Wewe ndiye una Kiingereza."

"Sema wewe."

"Mimi Kiingereza changu ni cha gwaride. Nikisema hapa watu watasimama wima."

Mimi nikainama kwenye daftari nikaandika: Jumanne, kusoma. Ijumaa, kusoma na alama. Niliandika kwa herufi nzuri, nikapiga mstari chini kwa rula. Mratibu alipita nyuma yangu, akaona, akasema mwandiko huu ni mzuri, ndio utumike kwa ratiba ya kubandika shuleni. Watu walinipigia makofi. Nilifurahi. Naandika hili ili lijulikane: nilifurahi.

Tulirudi na afande hadi njia panda. Hapo akaniuliza, "Ulimi wako uliuacha nyumbani, au umemkopesha mtu?"

Wiki ya kwanza, Jumatatu, watoto walijaa madirishani. Walimu vijana wawili waliotumwa kutoka Fort Portal walikuwa wazuri, nisiwasingizie. Walijua michezo, walijua kuchekesha. Jumanne nilikwenda na funguo mapema nikafagia darasa. Walikuja watoto saba, watano wao wadogo mno kubeba mzigo. Ratiba yangu ilikuwa imebandikwa mlangoni, nzuri, na mstari wake wa rula.

Binti yangu hakuwepo. Hili ndilo gumu kuliandika. Hakuwepo kwa sababu nilimruhusu mimi. Alfajiri alisema, "Baba, shangazi anataka maharage leo, nishuke nayo?" nami nikasema shuka. Tangu mama yake aondoke hapakuwa na mwingine wa kubeba. Mtu aliyeiandika siku ile kwa mkono wake ndiye aliyemtwika mwanawe kikapu kichwani siku ileile. Nilijitetea kwamba Ijumaa atakwenda kusoma. Ijumaa akauliza tena, nikasema shuka.

Wiki ya pili ilikuwa hivyohivyo. Walimu vijana walianza kukasirika. Mmoja aliniambia, "Katibu, wazazi wa hapa hawapendi elimu." Nilimtazama. Nilipaswa kumwambia habari ya siku za soko. Nilimtafutia chaki.

Kilichonikera zaidi ni kwamba binti yangu alikwenda Jumatatu, Jumatano na Alhamisi bila kuambiwa, akarudi akicheka michezo ya hesabu. Siku za kusoma tu ndizo alizokuwa na haraka ya maharage. Ijumaa ya wiki ya tatu nilifunga darasa mapema, kwa kuwa walikuja wanne, nikapanda bodaboda kushuka Bwera.

Kibanda cha dada yangu kiko nyuma, upande wa wauza dagaa. Niliwasikia kabla sijawaona. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya gunia, mgongo wake kwangu, na mapajani ana rundo la magazeti ya zamani ambayo dada yangu hununua kwa ajili ya kufungia. Alikuwa anasoma. Kwa sauti. Anasoma Kiingereza halafu anageuza kwa Kikonzo, lugha yetu, kwa shangazi yake, ambaye hajui kusoma hata jina lake. Ilikuwa habari ya kesi ya mtu aliyeuza shamba moja kwa watu watatu. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuja kununua maharage alikuwa amesahau maharage.

"Eee, huyu mutoto iko anasoma muzuri!" alisema. "Na yule wa tatu, ye alifanya nini?"

"Ngoja," alisema binti yangu, "imepasuka hapa. Shangazi, nipe karatasi iliyofungia karanga."

Dada yangu aliniona kwanza. "Karibu, kaka. Usisimame kwenye jua kama mkusanya ushuru."

Mtoto aligeuka, gazeti likashuka mapajani, midomo ikafungwa. Dada yangu anaelewa mambo. Alimchukua mama wa Kikongo akampeleka kuchagua maharage.

Nilikaa kwenye gunia la pili. Nikamuuliza kwa nini anasoma hapa na kule kwetu hasomi.

Alitoa karatasi mfukoni mwa sketi, imekunjwa mara nne. Niliitambua. Ilikuwa ile ya kusomea Ijumaa, iliyoletwa na walimu, nami mwenyewe niliigawa siku ya kwanza, kila mtoto moja, nikihakikisha hakuna aliyekosa. Ilikuwa na picha ya nyumba ya vigae. Chini yake kwa Kiingereza: Hii ni nyumba yetu. Mama yangu anapika jikoni. Baba yangu yuko ofisini. Sisi sote tuna furaha.

"Nisimame mbele ya watu niseme mama yangu anapika?" aliuliza. "Wote walimzika."

Nikasema, "Ni karatasi tu, mwanangu."

"Hata ile yako ilikuwa karatasi tu."

"Ipi?"

"Ile ya mazishi. Ukurasa wa pili. Uliandika aliugua kwa muda mfupi." Hakunitazama. Alikuwa ananyoosha gazeti kwa kiganja. "Haikuwa muda mfupi, baba. Alianza kabla ya Krismasi. Mimi ndiye nilikuwa namshika akienda msalani."

Soko la Bwera siku ya Ijumaa lina kelele ya kutosha mtu kutosikia hata mwenzake. Niliyasikia yote.

Maneno yale, aliugua kwa muda mfupi, huandikwa kwenye karibu kila historia ya marehemu huku kwetu. Nami niliyaandika bila kusita kwa kuwa yalinifaa. Mke wangu alianza kulalamika tumbo Desemba. Nilimwambia, tumalize kuchuma kahawa kwanza, halafu tutashuka hospitali. Tukamaliza. Nikasema basi tuandae shamba, tupande maharage kabla mvua haijatupita. Naye hakuwa mtu wa kulia. Tulimshusha kwa machela mwezi wa Machi, vijana wanane wakipokezana, na daktari aliniuliza swali moja tu: "Mlikuwa wapi?" Kisha nikarudi nyumbani nikaandika muda mfupi kwa mwandiko mzuri, nikampa mtoto aliyejua ukweli aisome karatasi ile mbele ya kijiji kizima.

Nilinyanyuka. Dada yangu alisema nile kwanza. Sikuweza.

Jumatatu niliomba afande anisindikize Kasese. Safari hii nilimwambia mratibu kwa Kiswahili, na nilipokwama afande alisukuma. Nilisema siku za kusoma zihamishwe Jumatano na Alhamisi. Nilisema watoto waandike wenyewe ukurasa juu ya nyumba zao, kila mtu nyumba yake ilivyo, na huo ndio wausome. Nilisema wako watoto wasio na mama, wako wasio na baba, na hakuna hata mmoja mwenye baba aliye ofisini. Nilisema pia kwamba kosa la siku ni langu, nilijua na nikanyamaza.

Alisikiliza vizuri. Aliandika. Kisha akasema, kwa upole ambao ungemfaa muuguzi, "Mzee, mawazo haya ni mazuri sana. Tutayaingiza kwenye mapendekezo ya mwakani. Kwa sasa karatasi zimekwisha kuchapishwa na gari lina ratiba yake."

"Mwakani!" alisema afande. "Mtoto wa huyu ana mtihani Februari, madamu."

"Naelewa, afande."

"Huelewi. Mimi nimekaa jeshini. Mpango ukigonga mwamba, unazunguka mwamba. Husubiri mwaka mwamba uondoke."

Mratibu alicheka kidogo, akatupatia chupa za maji za njiani. Hatukupata kingine. Nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Kumkasirikia yeye kulikuwa rahisi, na kila nilipojaribu niliona mstari wangu wa rula.

Siku ya mwisho mwalimu kijana alinipa daftari la mahudhurio. "Katibu, hizi nafasi tupu za Jumanne na Ijumaa, zijaze tu. Ripoti inakwenda Kampala, na mtoto asiye na nafasi zake hapati cheti."

"Hawakuja," nilisema.

"Najua hawakuja. Weka alama ndogo tu, wote wapate. Hata binti yako."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia kwamba cheti kile kingemsaidia yeye kufumba macho na kumpandisha mtoto la saba. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilirudisha daftari na nafasi zake tupu. Nisisifiwe kwa hilo. Nilikuwa nimeandika uongo mmoja tayari, nikaona ulivyofanya. Watoto wachache walipewa vyeti, tukaimba, gari likaondoka. Binti yangu alisimama nyuma na wabeba maharage wenzake, mikono mitupu.

Nyumbani nilifungua sanduku nikatoa historia ya marehemu. Nilikata ule mstari wa ukurasa wa pili, nikaandika juu yake: "Aliugua tangu kabla ya Krismasi. Mume wake alisema wamalize kwanza kuchuma kahawa, kisha akasema wamalize kupanda maharage." Nafasi ilikuwa ndogo, herufi zilibanana vibaya. Niliiacha mezani. Binti yangu alipotoka mtoni aliiona, akaisoma akiwa amesimama, ndoo bado kichwani. Akairudisha palepale. Akaenda kumimina maji. Siku zilizofuata alikula nilichopika na kunijibu nikimwita, na sikujua kama amenisamehe. Sijui hata leo.

Februari ikafika. Mwalimu mkuu alituita ofisini, mimi na binti yangu. Alitafuta mezani kitu cha kusomwa. Vitabu vya shule vilikuwa bado havijatolewa stoo na mwenye funguo hakuwepo, ila kwenye kona palikuwa na rundo la karatasi zilizobaki za masomo ya likizo. Akachukua moja ya juu.

Nyumba ya vigae.

"Mwalimu," nilisema, "hiyo hapana. Nitafutie hata gazeti."

"Katibu, la sita anashindwa na mistari minne? Simama, mtoto. Soma."

Binti yangu alisimama. Aliitazama karatasi kama alivyotazama vitabu mwaka mzima, midomo imefungwa. Mwalimu mkuu alisubiri. Nje wanafunzi walikuwa wanafyeka uwanja na mtu alikuwa anawafokea. Nilikuwa natazama sakafu wakati niliposikia sauti yake.

"Mwalimu, naomba kalamu."

"Ya nini?"

"Kidogo tu."

Mwalimu alinitazama, akampa. Mtoto aliinama mezani, akakata, akaandika, akakata tena, akaandika. Hakuwa na haraka. Kisha akasimama wima, akashika karatasi kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti ile niliyoisikia Bwera, Kiingereza chake kimenyooka:

"Hii ni nyumba yetu. Baba yangu anapika jikoni. Mama yangu alifariki. Tuko wawili."

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma. Akavua miwani.

"Wewe unapika, katibu?"

"Vibaya, mwalimu."

"Anaunguza ugali," alisema binti yangu.

Mwalimu alivuta orodha ya la saba, akaandika jina lake mwishoni kabisa, chini ya wote, kwa mwandiko ambao ungemnyima ukatibu popote. "Kesho aje na ufagio wake kama wenzake," alisema, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema yaliyokuwa yakimsumbua mtoto. Nilimwambia kwamba hata mimi sikuwa nimemuuliza mtoto.

Novemba iliyofuata barua ya Kasese ilikuja tena, na ndani yake ratiba ya kunakili kwa mkono. Kusoma ni Jumanne na Ijumaa. Nilivaa viatu nikaenda kumtafuta afande, tushuke tena Kasese.